Nimeirudia Godzilla ya 2014: bado kali, ila wavuvi wamedhulumiwa

Wazee, wiki hii nimeirudia Godzilla ya 2014, ile ya Gareth Edwards, na niseme msimamo wangu mapema kabla watu hawajaanza kurusha mawe: hii muvi ni kali, kali kuliko zote za Godzilla ambazo Hollywood wametoa baada yake, na wale wa "mnyama mwenyewe haonekani" sijawahi kukubaliana nao tangu enzi hizo tunaiangalia banda umiza (banda la video) kule Igoma, Mwanza, ikiwa imetafsiriwa.

Na hapo kwenye kutafsiriwa ndo pa kuanzia, maana nadhani watu wengi wa huku waliiona na DJ anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yenyewe, na ndo maana hawakuielewa. Simlaumu DJ, kazi yake ni kuongea, akinyamaza sekunde tano watu wanaanza kumgeukia mwenye banda wakidhani spika imekufa. Ila hii muvi imejengwa kwa ukimya. Kuna ile sehemu wanajeshi wanaruka kutoka kwenye ndege juu kabisa wanashuka San Francisco, kila mmoja mguuni ana moshi mwekundu unaomfuata kama utepe, hakuna mlio wa injini wala bunduki, unasikia pumzi ya mtu ndani ya maski na kwaya fulani inayolia kama watu waliokwama sehemu (ni muziki wa Ligeti, mtunzi mmoja wa Hungary), halafu katikati ya mawingu unapita ubavu wa Godzilla na hawa watu wanaonekana wadogo kama inzi. Mimi hiyo sehemu nimeisikia vizuri wiki hii. Kule Igoma DJ alikuwa anatuelezea wanajeshi wa Marekani wanalipwaje wakiruka na parachuti.

Safari hii tumeiangalia kwa jamaa yangu Nyakato, ana projekta na ukuta mweupe na sabufa ambayo majirani washaizoea, imebaki na sauti yake ya Kiingereza na maandishi chini. Tulikuwa mchanganyiko, watoto mbele kwenye mkeka, vijana nyuma, na baba yake jamaa, mzee ambaye amevua dagaa Ukerewe miaka na miaka, kakaa kwenye kiti chake pembeni na chai.

Kwa ambaye hajaiona, stori ni fupi. Mwaka 1999 mgodi unaporomoka Ufilipino, wataalamu wakishuka ndani wanakuta mifupa ya dude kubwa kuliko jengo, na vifuko viwili, kimoja kizima na kingine kimepasuka, kilichotoka humo kimechimba njia mpaka baharini. Muda mfupi baadaye kinu cha nyuklia Japani, Janjira, kinaanguka. Injinia wa pale Joe Brody anampoteza mke wake humo humo. Miaka 15 inapita, serikali inasema lilikuwa tetemeko, Joe anasema hapana mnanidanganya, na kweli wanadanganya. Kuna madude mawili yanakula mionzi, wanayaita MUTO, dume lina mabawa, jike halina ila ni likubwa zaidi, yanatafutana yazaliane, na Godzilla anapanda kutoka chini ya bahari kuyawinda. Basi. Binadamu wako katikati wanakimbizana na bomu.

Sasa kosa la kwanza, na hili hata mtoto kwenye mkeka aliliona. Joe Brody anachezwa na Bryan Cranston na jamaa anaigiza mpaka unaumwa tumbo. Ile ya mlangoni: mionzi inakuja kwenye korido, mke wake Sandra, Juliette Binoche, yuko ndani na timu yake wanakimbia kutoka, Joe kashika mlango kwa mkono anasubiri, anasubiri, wenzake wanampigia kelele funga, anafunga, na baada ya kufunga ndo mke anafika, wanaangaliana kupitia kioo kidogo. Sekunde chache tu hizo. Mkewe anajua na yeye anajua, na mama anachosema ni habari ya mtoto wao. Pale ukumbini hata wale vijana wa nyuma wanaoongeaga kila kitu walitulia.

Halafu huyo mtu wanamuua kabla muvi haijafika nusu.

"Stelingi kafa!" dogo mmoja akapiga kelele, na kila mtu akacheka kwa sababu sheria tunaijua wote, stelingi hafi. Kumbe stelingi ni mtoto wake, Ford, Aaron Taylor-Johnson, mwanajeshi wa kutegua mabomu, ana kifua, ana sura, ana kila kitu isipokuwa kitu cha kusema. Na ana mkosi huyo kijana sijapata kuona. Yuko Japani, dude linatoka. Anapelekwa Honolulu, dude linakuja. Anapanda treni ya makombora, dude liko darajani linamsubiri. Anafika San Francisco kwa mke wake, yote matatu yako pale. Ningekuwa mimi ni abiria mwenzake ningeshuka kituo kinachofuata. Mke wake Elle, Elizabeth Olsen, kazi aliyopewa ni kushika simu na kuangalia juu, na yule dada anajua kuigiza, wamemtupa tu.

Ila macho ya hii muvi jamani. Edwards kabla ya hapo alikuwa ametengeneza kimuvi kimoja cha bei rahisi cha 2010 kinaitwa Monsters, kazi ya madude kwenye kompyuta alifanya mwenyewe, na naona ndo kilichomfundisha kubana. Karibu kila mara kamera iko pale alipo binadamu. Dirishani, ndani ya gari, chini ya daraja, nyuma ya kioo cha helmeti. Godzilla hautamuona mzima kwa sababu mtu aliyesimama chini hawezi kumuona mzima. Pale Honolulu umeme umekufa, mji mweusi tii, wanajeshi juu ya paa wanarusha fataki nyekundu angani waone kinachopita, na mwanga unapanda taratibu kwenye ngozi, unapanda, unapanda, fataki inaisha nguvu na ngozi bado haijaisha. Waliowahi kwenda ziwani usiku wa giza na karabai wanaijua hiyo hali, unaona kile tu taa inachokubali uone, kingine chote unakisikia. Yule mzee hapo ndo aliweka kikombe chini.

Kisha uwanja wa ndege, ndege zinalipuka moja baada ya nyingine kama mtu anazikanyaga kwa zamu, watu wako kwenye vioo wanaangalia, mguu unatua, kamera inapanda kutoka kwenye mguu mpaka usoni na inachukua muda wake, anavuta pumzi, ananguruma. Sabufa ya jamaa ilisogea kwenye meza, sitanii.

Na mara tu wanapotaka kuanza kupigana, mkurugenzi anakata! Anatupeleka sebuleni Marekani, mtoto wa Ford anaangalia ugomvi kwenye tv kama habari, vipande vipande, anamwita mama yake aje aone madainosa. Hapa ndo watu walirusha makopo kule Igoma. Baadaye anarudia mchezo huo huo, Elle anaingia kwenye handaki, milango inafungwa, kwenye upenyo unaona Godzilla na dume wanavaana, mlango unafunga, kwisha. Muvi nzima ina dakika 123 na Godzilla mwenyewe ukijumlisha hafikishi robo saa. Najua inauma, umelipa hela yako. Ila ile ya kwanza naitetea mpaka kesho, kwa sababu ndo watu wa mbali wanavyoyaona majanga ya wengine, kwenye tv, mtoto anakula. Hiyo ya pili ya mlango siitetei sana, mara moja ilitosha.

Angalieni kilichotokea walipowasikiliza waliolalamika. Ya 2019, ya 2021 na Kong, yule sokwe mkubwa, ya 2024 na Kong tena, ngumi mwanzo mwisho, taa za rangi, kamera inaruka kwapani mwa mnyama, na ukiniuliza leo jengo gani lilianguka na nani alikuwa ndani sikumbuki. Wakubwa wamekuwa wadogo. Unaona wanaume wawili wanapigana kwenye chumba chenye maboksi.

Tukiongelea ukubwa, ukumbini uliibuka mjadala ambao nadhani ni wa Mwanza peke yake: je huyu Godzilla angeweza kujificha hapa kwetu. Watoto wakasema ndio, ziwa ni kubwa. Hapana wanangu. Godzilla wa 2014 ana urefu wa mita 108. Ziwa Victoria letu hili lote, pamoja na ukubwa wake wote, pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kitu. Akisimama wima katikati ya ziwa anabaki nje kuanzia mabega, wavuvi wangemfungia mitumbwi. Yule wa mwaka 1954 sawa, alikuwa na mita 50, angekaa. Huyu wa sasa labda wampeleke Kigoma, Tanganyika kina chake kinapita mita 1,400, hata wakiwa familia wataenea. Mzee akasema watu wa visiwani hawahitaji wa kuletewa, hadithi za dude la majini zipo tangu zamani, upande wa Uganda wanaye Lukwata, na hilo hakuna aliyelipima.

Vitu vingine viwili vya kuchekesha. Hawa MUTO wana uwezo wa kutoa mtetemo unaoua umeme mji mzima, na kila mji ulipozima ukumbi wote ulijibu "wamekata!" mpaka mwisho wa muvi, haikuchosha hata mara moja. Na ilipofika daraja la Golden Gate, mabasi ya watoto wa shule yamekwama juu, manowari chini, Godzilla anatokea kwenye ukungu, kuna mtu nyuma akauliza hivi letu la Kigongo–Busisi si refu kuliko hilo? Tukaangalia kwenye simu. Golden Gate ni kama kilomita 2.7, letu linafika 3. Makofi yalipigwa pale utadhani tumefunga goli.

Turudi kwenye jambo lililonikera, na hili DJ asingeweza kulitafsiri kwa sababu linapita mwanzoni kabisa kwenye majina ya waigizaji. Zinapita picha za zamani za majaribio ya mabomu Pasifiki, na maelezo yanakuja baadaye kutoka kwa Dr. Serizawa, mwanasayansi wa Kijapani wa humo ndani, kwamba yale hayakuwa majaribio, Wamarekani walikuwa wanajaribu kumuua Godzilla.

Hapo wamechukua kitu cha watu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani walilipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, likawa kubwa kuliko hesabu zao, na boti ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa mbali kabisa huko ikivua jodari, watu 23 ndani. Majivu meupe yaliwanyeshea. Hawakujua ni nini, wakaendelea kukusanya kamba zao za kuvulia wakiwa wamejaa ile unga mwilini, walipofika nyumbani ngozi zimeungua, nywele zinatoka. Mmoja wao, opereta wa redio, Kuboyama, alifariki Septemba. Japani nzima watu waliogopa samaki, jodari wakafukiwa ardhini. Novemba 3 mwaka huo huo Gojira, ndo Godzilla ya kwanza kabisa ya Kijapani, ikaingia kwenye majumba ya sinema. Ishiro Honda, aliyeiongoza, alipokuwa anarudi kutoka vitani alipita Hiroshima akaona kwa macho yake. Na muvi yake inaanzaje? Mabaharia wamepumzika kwenye deki, gitaa linapigwa, ghafla maji yanawaka mwanga, na meli haipo tena. Kila mtu aliyekaa kwenye kiti siku ile alijua anaangalia nini.

Nilimsimulia mzee hii wakati tunabadilisha chai. Hakuuliza habari ya Godzilla hata kidogo. Aliuliza hao samaki waliofukiwa, nani aliwalipa wavuvi. Watu wa huku tunakumbuka 1999, Ulaya walipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, viwanda vya sangara vikayumba na mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu akalala njaa, na samaki aliyeshukiwa hana wa kumtetea. Huyo mwaka 1999 ndo huo huo muvi inaanzia, imetokea tu, lakini mzee akatikisa kichwa.

Kwa hiyo ukigeuza ukasema lile bomu lilikuwa la kumpiga mnyama, bomu linakuwa na sababu nzuri, na wale wavuvi wanatoka kwenye hesabu. Wala si mara ya kwanza, mwaka 1956 walichukua ile ya Kijapani wakaikatakata, wakamchomeka Raymond Burr kama mwandishi wa habari, maneno mengi ya nyuklia yakaondoka. Edwards naye kama anajua ana deni, maana amemweka Ken Watanabe awe Serizawa, jina la mwanasayansi wa ile ya kwanza, na kampa saa ya mfukoni ya baba yake iliyosimama saa 2 na robo asubuhi, saa ya Hiroshima. Anamuonyesha admirali anayetaka kuyapiga madude kwa bomu la nyuklia, wanaangaliana, admirali hana jibu. Ni sehemu nzuri kuliko zote za watu wanaoongea humu ndani, halafu haina kazi! Bomu linaendelea na safari yake kama kawaida. Zaidi ya hapo Watanabe anashangaa mdomo wazi muvi nzima na kusema waacheni wapigane.

Angalau wamepiga hatua kutoka kwa yule wa 1998 wa Roland Emmerich, mjusi anayekimbia makombora mitaani New York na kuvutwa kwa lundo la samaki. Huyo angeishia soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, wangemfukuza na mafagio. Wajapani wenyewe walimpa jina lingine, Zilla, na mwaka 2004 wakamleta kwenye muvi yao apigwe na Godzilla wao ndani ya muda wa kumenya ndizi.

Mwisho wa hii ya 2014 sitausimulia wote ila kuna kitu lazima nikiseme. Vumbi la majengo limetanda, huoni kitu, Godzilla kazidiwa wawili kwa mmoja. Halafu kwenye ule ukungu unaona taa ya bluu iko chini kabisa, mkiani. Inapanda mwiba kwa mwiba mgongoni, polepole, bila muziki, na mtoto mmoja aliyekuwa hajui akauliza ile nini ile, waliokuwa wanajua wakamziba mdomo. Moto unapotoka unaelewa kwa nini walikunyima saa mbili zote. Ukumbi ulisimama. Na mngurumo wake ni mpya ila una harufu ya ule wa zamani, ambao mtunzi Akira Ifukube aliupata kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu, ikasuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za zeze kubwa la besi, ndo maana hausikiki kama simba wala tembo.

Mi naipa 8 kwa 10. Watakaoikataa ni wale wanaotaka ngumi, na sio vibaya, ya 2021 ipo. Na kama kilichokukera ni watu wake kukosa damu, tafuta Godzilla Minus One ya Wajapani wenyewe, 2023, Takashi Yamazaki, ilichukua Oscar ya picha za kompyuta na bajeti yake ni kidogo sana ukilinganisha na dola milioni 160 za hii. Humo kuna kiboti cha mbao kinakimbizwa na Godzilla baharini mchana, na watu wanne ndani unawajua majina. Watu wa mwaloni hiyo wataielewa bila hata maandishi.

Ukiitafuta hii ya 2014, usichukue nakala ndogo ya kwenye simu, muvi yote ni usiku na moshi, utaangalia kioo cheusi saa mbili. Mwanga wa tv pandisha, taa ya chumba zima, sabufa ipe nafasi. Na ukienda laibrari ya muvi ukasema tu "Godzilla" watakuwekea ya Kong kwenye flashi bila kuuliza, mimi nimerudishiwa hiyo hiyo zaidi ya mara moja na hela hairudi, kwa hiyo waambie kabisa ile ya 2014, isiyotafsiriwa, yenye daraja.